Chano cha Mheshimiwa Bungala

Siku ile mjinga alikuwa Ngwali, na yeye mwenyewe hakatai. Alimkuta mgeni kakaa juu ya sanduku pembezoni mwa njia, mgeni asiye na mikono wala miguu wala tumbo, na badala ya kupiga mayowe akamwuliza kama anataka kubebewa mzigo. Mgeni alikuwa amemsifia mgongo. Ngwali alikuwa mpagazi wa hewa, na wapagazi wa hewa hawasifiwi, husukumwa tu kwa nyuma na kuambiwa wasonge. Basi sifa ile ilimwingia kama maji baridi, akajitwisha sanduku na mwenye sanduku juu yake.

Haya yalitokea katika nchi isiyotajwa jina, ingawa msomaji huenda ameikalia hapo alipo. Kila siku wapagazi wake hupakia hewa kule Mapafuni, wakaigawa nyumba hadi nyumba, wakarudi na moshi. Nyumba zenyewe huitwa seli. Nchi nyingine hutia seli waliokosa. Hii, kwa kupenda usawa, imewatia seli raia wote, na kwenye sikukuu zake watu hushangilia kwamba hakuna aliyeachwa nje.

Sheria kubwa ya nchi ile ni moja. Nje ya kila seli lazima kitundikwe chano cha Daraja la Kwanza. Ni chano kidogo cha mti, katikati kina mfuo mwembamba, na ndani ya mfuo huo mwenye nyumba huweka kijipande cha kitu kilichopikwa jikoni kwake. Kila kinachopikwa ndani, kiwe kizuri kiwe kibaya, mwisho hupitia kwenye mashine ya kukatia, kikatwe vipande vya urefu wa vidole kama tisa hivi, na baadhi ya vipande vipelekwe mlangoni wapita njia waone. Serikali haina haja ya kuingia ndani mwa mtu. Inapita barabarani na kusoma milango. Wala usidhani utakitundika chano kitupu: kisipokuwa na kipande, misumari yake hulegea kikadondoka chenyewe, na ukabaki na aibu yako.

Chano cha Daraja la Pili nacho kipo, ila hicho ni cha wakubwa, wale ambao kazi yao ni kumeza vinavyookotwa barabarani kisha kuvionyesha mikutanoni. Umesoma vizuri. Nchini humo daraja la kwanza ni la akina sisi na la pili ni la wenye vyeo. Inasemekana mwasisi alianza kuhesabu kutoka chini, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkatiza.

*

Mgeni alimwambia Ngwali kuwa yeye ni mgeni wa Mheshimiwa Bungala, mwenyekiti wa mtaa, lakini nyumba ya Mheshimiwa bado inafagiliwa, hivyo ameombwa apumzike kwanza kwa mtu wa kawaida. Ngwali hakuwa na pa kumpumzisha. Mpagazi hana jiko, hana chumba, hana hata mlango wa kutundikia chano. Akampeleka kwa dada yake Mwanatumu.

Mwanatumu alitoka na mwiko mkononi, akamtazama mgeni, akamtazama na ndugu yake, akauliza huyu ni nani. Kabla Ngwali hajafungua kinywa, Mheshimiwa Bungala akatokea kwa nyuma, tumbo mbele, akasema ni mwekezaji.

"Anawekeza nini?" akauliza Mwanatumu.

"Nafsi yake," akajibu Mheshimiwa. "Mpokee, mama. Wewe ni mzalendo."

Ukishaitwa mzalendo na mtu mwenye cheo, mlango hufunguka wenyewe. Mgeni akaingia. Ndani ya sanduku hamkuwa na nguo wala mswaki, mlikuwa na mapishi tu, na mapishi yenyewe yalikuwa ya namna ya kumpika mgeni mwingine. Wapishi wa nchi ile wana kasoro moja: wakiwekewa mapishi mbele yao wanapika, hawaulizi yametoka wapi. Wakapika. Jua lilipofika utosini, kila kigoda cha Mwanatumu kilikuwa kimekaliwa na mwekezaji, wote sura moja, wote wakisifia chakula.

Mwanamke yule hakuwa mjinga. Mjinga tumekwisha kumtaja. Alichukua upindo wa koti la mwekezaji mmoja, akautia kwenye mashine, akaokota kipande kimoja, akakilaza ndani ya mfuo wa chano chake na kukitundika nje mchana kweupe.

*

Hapa inabidi tuwataje Wakaguzi. Hawa wamesomea Shule ya Kifuani, shule pekee inayojivunia kufelisha. Asiyeweza kukisoma chano anafutwa. Anayekisoma kisha akavikasirikia vitu vya nyumbani, kipande cha kigoda chetu, cha mwiko wetu, naye anafutwa. Na kufutwa huko si lugha ya ofisini, wafagiaji wanapita kweli. Wachache wanaosalimika huhitimu kwa tarumbeta, kila mmoja na pua ya harufu moja tu ya kigeni, na wengi hustaafu bila kukutana nayo. Ukimwuliza mkaguzi wa namna hiyo kazi gani amefanya maishani, atakujibu kwa fahari kwamba amepita.

Mkaguzi aliyepita kwa Mwanatumu siku hiyo alikuwa Mzee Shomvi. Akasogeza pua kwenye chano, akasimama, akanusa tena, machozi yakamtoka. Ilikuwa harufu yake. Maisha yake yote alikuwa ameisubiri kama mchumba. Kwa sheria za nchi ile, mkaguzi akikutana na harufu yake huongezeka. Haukupita muda mtaa mzima ukajaa Shomvi, kila mmoja na kofia ile ile na kikohozi kile kile, wakipeana hongera.

Wakaguzi hawabomoi nyumba, ni watu wa adabu. Wanauegemea mlango, wananong'ona neno, na mwenye nyumba anajibomoa mwenyewe, kwa utaratibu, huku akijifunga vifurushi vidogo vidogo ili asiwachafulie majirani.

Ngwali alifika mbio na mzigo wake wa hewa, akakuta paa limekwisha kukunjwa. Akamsihi dada yake akiondoe kile kipande, aseme kimepeperushwa na upepo, aseme lolote.

"Nimekiweka mwenyewe," akasema Mwanatumu, akifunga kamba. "Nisingekiweka, kesho hawa wangekuwa kwa jirani, na keshokutwa kwa jirani wa jirani."

"Dada, mimi ndiye niliyemleta."

"Najua, mdogo wangu. Nipishe nizime jiko."

Akazima jiko. Baadaye wafagiaji wakapita na kubeba vifurushi, na pale palipokuwa nyumba pakawa peupe.

Mheshimiwa Bungala alihutubia hapo hapo peupe. Alisema marehemu alijitolea kwa hiari yake, kwamba mtaa utamkumbuka kwa unadhifu wa vifurushi vyake, na kwamba kiwanja, kwa kuwa sasa hakina mtu, atakisimamia yeye. Watu wakapiga makofi. Ngwali naye akapiga, maana alikuwa ameamua jambo, na mtu aliyeamua jambo huweza kupiga makofi bila kuumia mikono.

*

Aliamua kwamba Bungala lazima afungwe vifurushi.

Shida ilikuwa muda. Ngozi ya mpagazi hukauka kwa kusuguana na vichochoro, na siku ngozi hiyo ikikataa kukunjika, mpagazi huitwa Bandamani. Bandamani ndiko wanakokwenda wapagazi wazee. Wa kurudi hajaonekana. Ngozi ya Ngwali ilikuwa imeanza kulia kama kiatu kipya. Alitaka kisasi chake kabla ya wito huo, na alikitaka akiwa amesimama karibu, pa kuona vizuri.

Hakuwachukia akina Shomvi. Walinusa walichowekewa. Hasira yake yote aliielekeza kwa mtu mmoja, hasa baada ya siku alipopeleka hewa nyumbani kwa Mheshimiwa na kukuta sebule imefurika wawekezaji. Walikuwa kwenye makochi, juu ya makabati, ngazini, wengine wakisubiri zamu ya kukaa. Mheshimiwa alikuwa katikati yao, amenenepa, anapokea asilimia yake.

"Aa, ndugu yake yule mama wa vifurushi," akasema. "Weka hewa hapo. Na upanguse miguu."

Ngwali alipangusa miguu. Alipotoka akageuka kutazama mlango: ndipo alipoelewa kwa nini nyumba ile bado imesimama.

Wawekezaji walikuwa na akili. Kila chano kilichotengenezwa mle ndani, kabla hakijafika mlangoni, walikikamata na kukirudisha jikoni. Lakini mlango mtupu nao una hatari yake, kwa sababu nyuma ya Wakaguzi hupita kundi jingine, Vijana wa Doria. Hawa hawakupitia Kifuani, wamezaliwa na kazi yao. Wanatembea nyundo juu, na hawaulizi chano kinasema nini, wanauliza kama kipo. Wanapapasa mlango kwa kiganja. Wakikigusa chano cha Daraja la Kwanza, nyundo inashushwa kwa amani bila kupiga. Wasipokigusa, nyundo inaendelea na safari yake mpaka kwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo wawekezaji wakamshauri Mheshimiwa amwite fundi, achonge chano cha uongo kwenye ubao wa mlango wenyewe. Kikachongwa kizuri ajabu, na mfuo wake, na mafundo yake. Hakikuweza kushika kipande chochote, kwa hiyo Wakaguzi hawakuwa na cha kunusa. Lakini kiganja kikipita juu yake kilihisi chano, na nyundo za Vijana zikashuka kwa heshima. Mheshimiwa alikizindua kwa kukata utepe. Alisema ni chano cha kisasa, kisichohitaji kujazwa.

Ngwali alijaribu kwanza njia ya kistaarabu. Akamvuta Mzee Shomvi mmoja kando, akamweleza kwamba ile harufu yake iliyomliza imejaa nyumba nzima ya mwenyekiti.

Shomvi akauliza kama ipo kwenye chano.

"Hakuna chano pale, mzee. Kuna mchongo."

"Basi sijanusa kitu."

"Lakini tazama dirishani. Si wale wanaokupungia pindo za makoti?"

Shomvi akatazama. Kweli, wawekezaji walikuwa wamejipanga dirishani wakitabasamu. Mzee akawapungia na yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akamweleza Ngwali kwamba dirisha si chano, na kwamba mkaguzi akianza kusoma madirisha, mwisho atasoma hata mawazo ya watu, na nchi itaharibika. Akakohoa, akapita. Nyuma yake Shomvi wengine wengi wakapita vile vile, kila mmoja akapunga, kila mmoja akakohoa.

Ngwali alicheka mpaka hewa ikamponyoka. Maisha yalikuwa yamempiga vya kutosha kujua kwamba mlango uliofungwa kwa sheria hufunguliwa kwa sifa. Yeye mwenyewe si alifunguliwa hivyo hivyo, kwa mgongo?

*

Akaanza kumsifu Mheshimiwa. Kila alipoleta hewa alipitia sebuleni, akasimama mbele ya Mheshimiwa, akatikisa kichwa kama mtu anayeona kitu kizuri mahali pabaya. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili Mheshimiwa akashindwa kuvumilia, akamwuliza ana nini.

Ngwali akasema hana kitu, mzee, ni maneno ya huko vichochoroni tu. Akabembelezwa ayataje. Akakataa. Akaamriwa. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba, kwamba watu wanashangaa kiongozi mzito namna hii mlango wake umechongwa chano cha Daraja la Kwanza, sawa na cha mkata kucha, sawa na cha mlinzi wa utumbo mpana.

"Wanasema hivyo?"

"Wengine wanasema vibaya zaidi. Wanasema pengine wewe ndiye wa daraja hilo."

Mheshimiwa akauchungulia mlango wake. Ngwali akaongeza, akiwa anafunga mzigo wake wa moshi, kwamba huko kwenye Tezi, wanakokutana wakubwa, kila mlango una chano cha Daraja la Pili, kipana, kinang'aa, na mtu akipita anajua hapa pana mtu. Kisha akaaga, akaenda zake, ngozi ikimlia njia nzima.

Wawekezaji walimsihi Mheshimiwa. Katika nyumba ile wao ndio waliokuwa na akili, na walimweleza kwa upole kwamba mchongo ule ndio roho yao na roho yake. Wakamwambia achonge hata mia, lakini huo usiguswe. Mheshimiwa akawajibu kwamba wageni hawaelewi utamaduni wa nchi. Akaita fundi aje na randa.

*

Siku ya sherehe mtaa ulipambwa. Fundi alikuwa amekwisha kuuranda mlango ukawa laini kama shavu, na juu yake kikatundikwa chano cha Daraja la Pili, cha dhahabu, kipana kama ungo, kimejazwa vitu vilivyookotwa njiani: unyoya, kibanzi, kipande cha mdudu mmoja aliyekufa zamani. Akina Shomvi walikaa viti vya mbele. Wawekezaji walijibanza nyuma ya pazia.

Wito wa Bandamani ulikuwa umemfikia Ngwali asubuhi hiyo. Alikuwa njiani anakwenda, ngozi ngumu kama kibao, akaona si vibaya apitie sherehe. Akasimama pembeni ya mlango, pa kuona vizuri.

Mheshimiwa alihutubia muda mrefu. Alisema leo mlango wake umepanda cheo, na mlango ukipanda cheo mtaa mzima umepanda. Alisema yeye si mtu wa kujificha, anaonyesha kila kitu, watazame unyoya. Alisema wapo waliotaka abaki katika daraja la kwanza milele, lakini maendeleo hayarudi nyuma. Makofi yalikuwa bado yanapigwa pale Vijana wa Doria walipoingia mtaani.

Kiongozi wao alikuwa msichana mwembamba anayeitwa Kazija, nyundo yake juu ya bega, sura yake haina hasira wala furaha. Akapita mlango wa kwanza, kiganja, nyundo ikashuka. Wa pili, ikashuka. Akafika kwa Mheshimiwa. Kiganja kikagusa dhahabu, kikateleza, kikapapasa juu, kikapapasa chini, kikaupapasa ubao wote ule laini, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika chumba asichokijua. Makofi yakakatika.

"Mheshimiwa," akasema Kazija, "chano kiko wapi?"

"Si hicho umekigusa?"

"Hiki kinaonyesha ulichookota nje. Nauliza cha kuonyesha unachopika ndani."

Mheshimiwa akacheka, akawageukia watu ili nao wacheke. Akaeleza kwamba kile kilikuwa cha watu wa kawaida, kimeondolewa na fundi kwa idhini yake mwenyewe. Kazija hakucheka. Nyundo haikushuka. Mheshimiwa akaanza kutoka jasho, akanyoosha kidole kwa Ngwali, akauliza mbona huyu mpagazi anatembea nchi nzima bila chano cha aina yoyote na hakuna anayemgusa.

"Huyo hana jiko," akasema Kazija. "Wewe unalo, na linafuka moshi."

Pazia la dirishani likatikisika. Shomvi wa mbele akasimama, pua juu, halafu akakaa tena. Harufu haikuwa kwenye chano.

Ngwali akasogea karibu, hata mzigo wake ukamgusa Mheshimiwa tumboni, akamwambia kwa upole, kama mtu anayempa rafiki ushauri wa safari, "Mzee, ukianza kujifunga, funga vifurushi vidogo. Wewe ni mnene, na wafagiaji nao wana migongo."

Mheshimiwa alimtambua, akatambua na sifa zake zote moja baada ya nyingine, uso ukambadilika rangi. Lakini wa kupambana naye hakuwa mpagazi. Akamgeukia Kazija, akavuta pumzi ya mwisho ya cheo.

"Binti, unajua mimi ni nani?"

"Hilo ndilo tunalouliza tangu tufike, na mlango wako haujajibu."

Nyundo ikaanza safari. Mheshimiwa akarudi nyuma mpaka mgongo ukakigonga chano chake cha dhahabu, unyoya ukadondoka, akapaza sauti mtaa mzima usikie, kwamba mtu wa nafasi yake hakamatwi, hashtakiwi, haguswi, imeandikwa na inajulikana.

"Mimi nina kinga," akasema.

"Kinga ndiyo sisi, Mheshimiwa."